Kiti Hiki ni cha Nani?

 Leo nataka tuzungumze kuhusu kodi ya makampuni, na najua wapo ambao wakisikia neno kodi mkono unaanza kutafuta stesheni yenye muziki. Ngoja kidogo. Kisa cha leo kina watu waliopeana mikono kisha wakageukana, kina machozi mbele ya kamera, kina tajiri wa madini, na kina mama mmoja mzaliwa wa Nyeri, Kenya, aliyekuwa ameketi ndani ya ukumbi ule ule mambo yalipochemka. Ni kisa cha Australia, mwaka 2018. Anayetushughulisha zaidi ni seneta mmoja aitwaye Brian Burston, aliyekosana na chama chake kwa sababu alitaka makampuni makubwa yapunguziwe kodi na chama kikakataa.

Tuanze na kodi yenyewe. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Malcolm Turnbull, aliyeongoza muungano wa vyama vya Liberal na National. Makampuni makubwa ya Australia yalilipa asilimia 30 ya faida yao. Ndicho kiwango cha kawaida kinachotozwa makampuni Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo tusidhani tunazungumzia mambo ya sayari nyingine. Mwaka 2016 Turnbull alitangaza mpango wa miaka 10 wa kukishusha kiwango hicho hatua kwa hatua hadi asilimia 25. Gharama kwa hazina ya serikali ilikadiriwa kuwa kama dola bilioni 65 za Australia katika kipindi hicho.

Machi 2017 Seneti ilimpa nusu ya alichoomba. Makampuni yenye mauzo yasiyozidi dola milioni 50 kwa mwaka yakapata nafuu. Makubwa, yakiwemo mabenki na makampuni ya madini, yakaachwa palepale kwenye asilimia 30. Kisha, kuanzia Januari 2018, Marekani ya Donald Trump ikashusha kodi yake ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21. Uingereza nayo ilikuwa imeshafika asilimia 19. Hoja ya Turnbull ikapata makali mapya: mtaji hukimbilia penye nafuu, na Australia iking'ang'ania asilimia 30 wawekezaji watahamia kwingine, na ajira zitawafuata.

Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini Australia ina jambo moja linalobadilisha hesabu nzima, na ningependa tulielewe vizuri. Chukua kampuni iliyopata faida ya dola 100. Inalipa kodi dola 30, zinabaki 70, zinagawiwa wanahisa. Mwanahisa aliye mkazi wa Australia, anapopeleka hesabu zake kwa mamlaka ya kodi, anahesabiwa kwamba zile dola 30 zimeshalipwa kwa niaba yake. Utaratibu huo upo tangu mwaka 1987. Sasa shusha kodi iwe 25. Mwanahisa wa nyumbani atapata gawio la dola 75 badala ya 70, lakini punguzo lake la kodi litashuka pia, kutoka 30 hadi 25. Kwake yeye, mfuko unabaki karibu vilevile. Mwanahisa aliyeko New York au Tokyo hapati punguzo hilo. Yeye anavuna zile dola 5 bila kutoa jasho jipya, hata kwa mgodi au kiwanda alichokwisha kujenga miaka mingi iliyopita.

Waliounga mkono walisema hilo ndilo kusudi hasa: mgeni aone faida, alete mtaji zaidi, na mwishowe mishahara ipande. Waliopinga walisema hasara ya hazina ni ya uhakika, na nyongeza ya mishahara ni ya kungojewa. Hapo ndipo wabunge walipogawanyika.

Seneti ya Australia ina viti 76. Machi 2018 serikali ilikuwa na viti 30 tu, na ili muswada upite zilihitajika kura 39. Chama cha Labor na chama cha Greens vilikuwa vimekataa katakata. Kwa hiyo waziri wa fedha, Mathias Cormann, ilimbidi atembee kutoka mlango hadi mlango kutafuta kura 9 kwa maseneta wa vyama vidogo na wale wasio na chama. Na mlango uliokuwa na kura 3 kwa mpigo ulikuwa wa chama cha One Nation.

One Nation ni chama cha Pauline Hanson, mwanasiasa wa Queensland aliyekuwa na duka la samaki na chipsi kabla ya kuingia bungeni, na aliyejipatia jina kwa siasa kali dhidi ya wahamiaji. Mbali na Hanson mwenyewe, maseneta wengine wawili wa chama walikuwa Peter Georgiou na huyu Burston, wa New South Wales, mtu aliyekuwa katika siasa za One Nation tangu miaka ya 1990. Cormann alibisha hodi, akafunguliwa. Machi hiyo Hanson alikubali kuunga mkono punguzo la kodi, na kwa upande wake serikali ikaahidi mpango wa majaribio wa nafasi 1,000 za uanagenzi kwa vijana. Wakapeana mikono. Kura za wengine hazikutimia, muswada ukawekwa kando, lakini makubaliano na One Nation yalikuwepo.

Halafu ikaja Mei. Hanson akatangaza kwamba ameghairi. Alisema wananchi hawautaki mpango huo, na kwamba serikali haijafanya alichotaka, likiwemo suala la kuzibana kampuni za gesi zilipe zaidi. Alipoambiwa kuwa ni kigeugeu, alijitetea kwa maneno yaliyochekesha nchi nzima: alisema hajageuka hata kidogo, kwani mwanzo alisema hapana, kisha akasema ndiyo, kisha akasema hapana, na hapo ndipo alipokaa.

Burston akasema yeye hageuki. Chama kilitoa neno lake kwa waziri, mikono ilishikana, na yeye atapiga kura kama ilivyokubaliwa. Mwisho wa Mei Hanson alionekana kwenye televisheni akitokwa na machozi, akilalamika kuwa mwenzake amemchoma mgongoni. Alimtaka Burston akiachie kiti cha Seneti ili chama kimpeleke mtu mwingine. Burston akakataa. Tarehe 14 Juni alijiondoa One Nation. Siku nne baadaye, tarehe 18 Juni, akatangaza kujiunga na chama cha Clive Palmer, bilionea wa madini wa Queensland.

Mwisho wa muswada wenyewe haukuchelewa. Tarehe 28 Julai kulikuwa na chaguzi ndogo kadhaa, na katika jimbo la Longman, Queensland, chama cha Labor kilipiga kampeni kikiwaambia watu kwamba serikali inataka kuyapa mabenki pesa za hospitali na shule. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuyatetea mabenki, kwa sababu tume ya uchunguzi ilikuwa ikianika hadharani jinsi yalivyowatoza wateja, hata waliokwisha kufariki. Chama cha Turnbull kikaanguka vibaya Longman. Tarehe 22 Agosti Seneti ilikataa muswada kwa kura 36 dhidi ya 30. Siku ile ile serikali ikautupa mpango wote wa makampuni makubwa, na tarehe 24 Agosti Turnbull mwenyewe, aliyekuwa na maadui wengi chamani kwa sababu nyingine pia, akaondolewa na wenzake na nafasi yake ikachukuliwa na Scott Morrison. Makampuni makubwa ya Australia yanalipa asilimia 30 hadi leo.

Sasa, msikilizaji, tuhukumu. Je, Burston alikuwa muungwana au msaliti?

Wako watakaosema muungwana. Sisi wenyewe tunasema ahadi ni deni, na yeye alikataa kudhulumu deni. Kiongozi anayesema hapana, ndiyo, hapana, ana haki gani ya kumwita mwenzake msaliti? Burston alisimama pale chama kilipokuwa kimesimama miezi miwili kabla. Aliyehama ni chama.

Wako watakaosema msaliti. Watu wa New South Wales walipiga kura mwaka 2016 wakiona jina la One Nation kwenye karatasi. Huko uchaguzi wa Seneti ni wa orodha: wapiga kura wengi huweka alama kwenye kisanduku cha chama, si kwenye jina la mtu. Kuna mfano ulio wazi kuliko huu. Fraser Anning, aliyeingia Seneti Novemba 2017 kujaza nafasi ya seneta mwingine wa One Nation aliyeenguliwa kwa kuwa na uraia wa nchi mbili, alikuwa amepata kura 19 za jina lake katika uchaguzi. Kura 19! Na siku ile ile alipoapishwa akaachana na One Nation, akabaki na kiti. Sheria ya Australia inamruhusu. Mtu akishaingia Seneti, kiti ni chake hadi muhula uishe, hata akihama mara tatu.

Na wahamaji hawakuwa wawili tu. Yule mama mzaliwa wa Nyeri niliyemtaja ni Lucy Gichuhi, wa kwanza mwenye asili ya Afrika nyeusi kuingia bunge la Australia. Aliingia mwaka 2017 kwa tiketi ya chama kidogo cha Family First. Chama chake kilipoungana na kingine, yeye alikataa kufuata, akakaa bila chama, na Februari 2018 akajiunga na Liberal ya Turnbull. Kwa hiyo miongoni mwa zile kura 30 ambazo serikali ilianza nazo Machi, moja ilikuwa ya seneta aliyekuwa amehamia upande wake mwezi mmoja tu kabla. Serikali iliyofurahia wahamiaji wa vyama haikuwa na sababu ya kushangaa upepo ulipogeuka.

Tuangalie upande wetu, maana huku mambo yamekazwa kwa kamba nyingine. Katiba ya Tanzania, ibara ya 71, inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Na kwa kuwa hakuna mgombea binafsi, hana pa kusimama peke yake. Kenya nayo, katika ibara ya 103, inasema aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akijiuzulu uanachama hupoteza kiti. Mtu kama Burston asingemaliza hata wiki. Angeandika barua ya kukihama chama asubuhi, na jioni angekuwa raia wa kawaida anayetafuta usafiri wa kurudi jimboni.

Na linapokuja suala la kodi, Tanzania ina kifungo cha ziada. Kura ya bajeti ya serikali hupigwa kwa wabunge kuitwa majina mmoja mmoja, na Katiba, ibara ya 90, inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Fikiria mbunge wa chama tawala anayeona kwamba nafuu fulani ya kodi kwa wawekezaji haina tija. Akisema hapana wakati jina lake linaitwa, anajua kuna kikao cha chama kinamngoja, na nyuma ya kikao kuna kadi, na nyuma ya kadi kuna kiti. Ndiyo maana kwetu mabishano makali kuhusu kodi hufanyika kwenye vikao vya ndani, na sisi wananchi husikia tu mwangwi wake.

Kwa hiyo tuna mifumo miwili, na kila mmoja una ugonjwa wake. Australia kiti ni cha mtu, na mtu anaweza kukipeleka kwa bilionea. Kwetu kiti ni cha chama, na chama kinaweza kukifanya muhuri. Katika mifumo yote miwili yule aliyepiga kura hajulikani yuko wapi.

Nami nasema hivi. Watu wengi walimlaumu Hanson kwa ile hapana ya Mei. Naona walikosea mwezi. Kosa lilikuwa ile ndiyo ya Machi. Kodi ya makampuni haikuwa mali ya Hanson wala ya Cormann kiasi cha kubadilishana na nafasi 1,000 za uanagenzi ofisini. Wapiga kura wa One Nation wengi wao walikuwa watu wa kipato cha kawaida, na walipoulizwa baadaye, jibu lao halikuwa la kuyahurumia mabenki. Wangeulizwa Machi, kusingekuwa na mkono wa kushikana, wala machozi, wala Burston wa kuzungumziwa leo.

Kwa Burston nina hukumu mbili. Mwisho wa Mei aliposema hatageuka, alikuwa na haki. Mbunge si bendera, na chama kilichobadili msimamo bila kumshawishi hakiwezi kudai utii wake. Angeweza kubaki hapo, akapiga kura yake, akaeleza kwa nini anaamini asilimia 25 ni bora, akangoja hukumu ya wapiga kura. Lakini alipokipeleka kiti chini ya bendera ya Palmer bila mpiga kura hata mmoja kuichagua bendera hiyo, ile hoja ya ahadi ilikufa. Aliheshimu neno alilopewa waziri, akasahau kwamba kabla ya waziri kulikuwa na neno jingine, lililotolewa kwenye kampeni. Wapiga kura walikata kauli Mei 2019: chama cha Palmer, pamoja na mamilioni ya dola yaliyomwagwa kwenye matangazo, hakikupata kiti hata kimoja, na Burston akarudi nyumbani.

Kuna jambo moja zaidi. Mathias Cormann, waziri aliyehangaika kutafuta kura za kushusha kodi, tangu Juni 2021 ndiye Katibu Mkuu wa OECD, jumuiya ya nchi tajiri yenye makao makuu Paris. Na Oktoba mwaka huo huo, chini ya uongozi wake, nchi 136 zilikubaliana kuweka kiwango cha chini cha asilimia 15 kwa makampuni makubwa ya kimataifa, ili nchi ziache kushindana kushusha. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizokataa kutia saini siku ile, ingawa mwishoni mwa 2024 ilitunga sheria yake yenyewe ya kuhakikisha makampuni hayo hayalipi chini ya asilimia 15. Uingereza nayo, iliyotajwa kama mfano wa kuigwa kwa asilimia 19 yake, mwaka 2023 ilipandisha hadi 25. Upepo uliodaiwa mwaka 2018 kuwa unavuma upande mmoja tu, ukageuka ndani ya miaka mitano. Anayekuambia kwamba lazima tushushe kodi leo, la sivyo tumekwisha, mwambie akae chini alete hesabu.

Maana hata kwetu viwango hupanda na kushuka. Kenya ilishusha kodi ya makampuni hadi asilimia 25 Aprili 2020 wakati wa korona, ikairudisha 30 Januari 2021. Na Juni 2024 tuliona Wakenya wakifuatilia mswada wa fedha kura kwa kura. Wabunge 195 waliunga mkono, 106 walipinga, na majina yao yakasambaa kwenye simu za vijana kabla jua halijazama. Siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Gharama ya siku ile ya kura ilikuwa damu ya waandamanaji, na si jambo la kusimuliwa kwa furaha. Lakini lilituonyesha kwamba mwananchi akijua jina la mbunge wake liko upande gani, siasa ya kodi hubadilika.

Nakuomba basi, msikilizaji. Juni huwa ni mwezi wa bajeti kwetu. Usingoje isomwe. Mtafute mbunge wako Aprili au Mei, kwenye mkutano wa hadhara, msibani, hata kwenye harusi, umuulize mambo matatu: kampuni kubwa iliyo jimboni kwetu inalipa kodi kiasi gani, ni nafuu gani imepewa, na wewe uliipigia kura gani nafuu hiyo? Akikujibu, lishike jibu lake. Akibadili msimamo, na arudi kukueleza wewe kwanza kabla ya kumweleza waziri au katibu wa chama. Kiti kile ni chako.